Waranti Ikiisha, Kinachonunuliwa ni Spea

Simu ikiwa ndani ya waranti haina maswali mengi. Unairudisha kwa aliyekuuzia pamoja na risiti, na suala la spea imetoka wapi ni lao. Waranti ikiisha, mara nyingi baada ya miezi 12, jukumu la kuchagua spea linahamia kwako, na wateja wengi hawana habari kwamba limehamia. Kwenye meza za Kariakoo tunaona watu wakivutana na fundi juu ya elfu tano ya mkono wake, ilhali kioo chenyewe, ambacho ndicho kinachokula sehemu kubwa ya pesa, hawakiulizii chochote. Fundi hodari akipewa kioo kibovu atakufungia kioo kibovu, tena vizuri sana.

Kabla ya spea, lakini, kuna ugonjwa. Simu nyingi hufika mezani zikiwa zimeshahukumiwa na mwenyewe: "betri imekufa, nibadilishie." Ukiibadilisha bila kupima, nusu ya hao watarudi.

Chukua simu isiyoingiza chaji. Cha kwanza ni vumbi. Nyuzi za mfuko wa suruali huingia kwenye tundu la chaji, kila ukichomeka waya unazishindilia, hadi zinakuwa kama kizibo. Dalili yake ni kwamba waya hauingii mpaka mwisho, na ukiinamisha simu unachomoka. Zima simu, chonga kijiti cha meno kiwe chembamba, kwangua taratibu pembeni na chini ya tundu. Usitumie sindano wala pini: tundu la USB-C lina ulimi katikati wenye vidole vidogo vya shaba, na sindano huvipinda au kuvigusanisha. Tunatoa vumbi bure, na ukweli ni kwamba huo ndio mwisho wa tatizo kwa simu nyingi.

Isipokubali, jaribu waya mwingine na chaja nyingine, kisha tumia mita ndogo ya USB inayochomekwa kati ya chaja na waya. Tumia chaja ya kawaida ya volti 5, maana chaja za kasi hupandisha volti na ampea zinasomeka chini, unachanganyikiwa. Simu iliyoishiwa chaji inatakiwa kuvuta kama ampea 1 hadi 2. Mita ikisoma sifuri, njia imekatika mahali: waya, tundu, au bodi ndogo ya chaji. Ikivuta vizuri kwa saa nzima na asilimia hazipandi, au zinapanda haraka kisha kuporomoka kutoka 40 hadi 5 mara moja, hapo ndipo unapoitazama betri. Ikivuta umeme huku imezima na kuna sehemu moja inayochemka mgongoni, kuna shoti kwenye bodi kubwa, na betri mpya haitasaidia kitu.

Bodi ndogo ya chaji ndiyo tengenezo lenye faida kuliko yote kwa mwenye simu. Tecno, Infinix, itel, Redmi na Samsung nyingi za mfululizo wa A zina tundu la chaji lililokaa kwenye kibodi chake, yaani hiyo bodi ndogo, chini ya simu, kimeunganishwa na bodi kubwa kwa fleksi (utepe mwembamba wa nyaya). Hakichomelewi, unafungua skrubu za kifuniko cha spika ya chini, unachomoa fleksi, unatoa na kuweka kingine. Maikrofoni nayo huwa kwenye kibodi hichohicho, kwa hiyo simu isiyoingiza chaji na ambayo watu hawakusikii ukiongea huwa na ugonjwa mmoja, si miwili. Kosa tunalolikuta kwenye simu zilizofunguliwa na wengine ni ule waya mwembamba wa antena unaobonyezwa kama kifungo: ukisahaulika, simu inaingiza chaji vizuri lakini mtandao unashuka, na mwenyewe analaumu kampuni ya laini. Simu za bei ya juu ambazo tundu limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ni habari nyingine. Hizo zinataka mashine ya hewa moto na mkono uliozoea kuchomelea kwa risasi.

Sasa betri. Betri ya simu haifi ghafla, inachoka. Apple inasema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji, na kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1000. Kwenye iPhone asilimia hiyo unaisoma kwenye mipangilio, sehemu ya betri. Ikiwa chini ya 80 na simu inazima yenyewe ukifungua kamera, badilisha.

Betri bandia zimejaa, na lebo haina maana kubwa kwa sababu lebo huchapishwa kwa bei rahisi kuliko betri. Kuna hesabu moja ya haraka. Gawanya mAh (ujazo wa betri ulioandikwa) kwa 1000, zidisha kwa volti zilizoandikwa, upate Wh (nishati yake). Betri ya 5000 mAh na volti 3.85 lazima iwe Wh 19.25. Ikiandikwa 5000 mAh na Wh 14, mojawapo ya namba hizo ni uongo. Kisha ipime kwenye mizani ndogo, kama ile ya sonara. Betri halisi ya 5000 mAh huwa na gramu kama 65 hadi 75. Ukikuta ya gramu 45 yenye maandishi hayohayo, umeshika karatasi nzuri iliyofunga betri ndogo. Na usinunue betri "mpya" iliyotengenezwa miaka minne iliyopita ikakaa stoo bila chaji. Tarehe huwa imechapwa, mara nyingine kwa namba ndogo pembeni.

Anayetaka kubadilisha betri mwenyewe anaweza, hasa kwenye simu zenye mgongo wa plastiki. Teremsha chaji hadi chini ya asilimia 25, kwa sababu betri tupu ikichubuliwa inatoa moto mdogo kuliko iliyojaa. Pasha kingo za mgongo kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka pawe pa moto kiasi cha kutoweza kuushikilia mkono; kwa mgongo wa kioo mafundi hutumia sahani ya moto ya nyuzi 80 kwa dakika chache. Ingiza kipande cha plastiki chembamba, kisizidi milimita 3 ndani, zungusha. Usiuvute mgongo kwa nguvu ukiachia: simu zenye alama ya kidole nyuma zina fleksi inayounganisha mgongo na bodi, na ikikatika alama ya kidole imekwenda. Kabla ya kugusa kitu kingine chochote, chomoa kiunganishi cha betri. Hicho ndicho cha kwanza kutoka na cha mwisho kurudi. Anayechomoa fleksi ya kioo huku betri imeunganishwa huunguza saketi ya taa ya kioo, halafu anakuja na simu inayowaka na kuita lakini giza.

Betri yenyewe imegundishwa. Kama ina vitepe vya kuvuta, vivute polepole kwa mlalo. Vikikatika, dondoshea spiriti ya isopropili ya asilimia 99 pembeni, subiri dakika mbili, sukuma kwa kadi ya plastiki. Bisibisi ya chuma chini ya betri ndiyo inayounguza meza za watu. Betri iliyovimba haibonyezwi, haitobolewi, haichajiwi hata "mara ya mwisho nitoe picha". Iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na vitu vinavyoshika moto. Kwenye iPhone panga skrubu zako kwa mchoro wa mahali zilipotoka. Zinatofautiana urefu kwa sehemu ya milimita, na ndefu ikifungwa kwenye shimo la fupi hupenya na kukata njia za ndani ya bodi. Hilo halirekebishiki kirahisi.

Kioo ndicho kinacholeta ugomvi. Mtu anatajiwa bei mbili kwa simu ileile, moja mara tatu ya nyingine, anadhani anaibiwa. Huenda haibiwi, anatajiwa vitu viwili tofauti. Juu kabisa kuna kioo cha kampuni kinachokuja kwenye boksi lake, wenyewe tunakiita sevisi paki, ambacho kwa Samsung huja kimeshagundishwa kwenye fremu yake. Kisha kuna kilichotolewa kwenye simu nyingine iliyokufa bodi: ni halisi, bei ni ya kati, ila kagua mikwaruzo na alama za picha zilizobaki. Chini yake kuna kopi za OLED (kioo ambacho kila nukta huwaka yenyewe), laini zinazopinda na ngumu zisizopinda. Mwisho kuna kopi ya LCD (kioo kinachomulikwa na taa ya nyuma), ambayo mafundi wengi huiita inseli, iliyotengenezwa kukaa mahali pa OLED.

Inseli kwenye simu iliyozaliwa na OLED ina madhara yanayojulikana. Ni nene zaidi, kwa hiyo inasimama juu ya fremu na kuvunjika kwa anguko dogo. Ina taa nyuma inayowaka muda wote, kwa hiyo nyeusi yake ni ya kijivu na inakula betri. Na kama alama ya kidole ya simu yako iko chini ya kioo, kopi ya LCD inaiua, kwa kuwa mwanga wa kitambuzi haupiti humo. Fundi anayekwambia "utaiseti tu kwenye mipangilio" anakudanganya. Kwa simu ambayo tangu kiwandani ni LCD, kopi nzuri haina ubaya mkubwa. Kwa simu ya OLED ya bei ya juu, bora kioo halisi kilichotumika kuliko kopi mpya. Hilo tunalisema hata kama kopi ndiyo inayotupa faida zaidi.

Spea hununuliwa kwa namba ya modeli, si kwa jina. Galaxy A14 ya 4G ni SM-A145 na ya 5G ni SM-A146, na aliyesema "A14" tu dukani atarudi mara ya pili. Namba iko kwenye mipangilio, kuhusu simu. Kioo kikiletwa, kiunganishwe kwanza kabla ya kugundishwa: washa, pitisha kidole kila kona, piga simu uone kama kioo kinazima ukiweka sikioni, jaribu kamera ya mbele. Kwenye Samsung nyingi ukibonyeza *#0*# sehemu ya kupigia simu unapata ukurasa wa kupima rangi na mguso. Kikishagundishwa au kutolewa karatasi zake, muuza spea hakirudishi. Gundi ya B-7000 inashika mapema lakini inakauka kamili baada ya saa 24 hadi 48. Simu iliyofungwa raba usiku mmoja inakaa, na ile uliyoitaka "sasa hivi nina safari" inaachia kona ndani ya wiki.

iPhone ina mambo yake. Tangu XS na XR, betri ambayo si ya Apple huleta ujumbe kwenye mipangilio, na tangu iPhone 11 kioo nacho. Simu inafanya kazi, ila rangi za True Tone (zinazojirekebisha kufuata mwanga wa mahali) zinapotea kama data ya kioo cha zamani haikuhamishwa kwa mashine. Face ID (kufungua simu kwa uso) imefungwa kwa bodi yake, na kitufe cha Touch ID kwenye simu za zamani vilevile: fundi akikikata kwa bahati mbaya, hakuna cha dukani kitakachorudisha alama ya kidole. Kuanzia iOS 18, simu za karibuni zinaweza kusajili spea halisi iliyotumika, lakini kama spea hiyo ilitoka kwenye simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu, simu yako inaigomea. Kwa hiyo uliza ilikotoka.

Pa kwenda ni wapi basi? Kituo cha kampuni kinafaa pale spea halisi inapoleta tofauti: kioo cha OLED, simu unayotaka ibaki na kinga ya maji, simu iliyofungwa spea zake kwa programu. Tecno, Infinix na itel zote huhudumiwa na Carlcare, na bei ya spea unaweza kuiulizia kabla ya kupanda daladala. Apple haina duka lake Afrika Mashariki. Kuna mawakala waliothibitishwa, na kila mwenye bango la tufaha si mmoja wao. Udhaifu wa vituo ni kwamba hubadilisha kipande kizima badala ya kutengeneza. Bodi ikifa wanaweka bodi nyingine, na picha zako zote zilikuwa kwenye ile iliyotoka. Kama unachokitaka ni picha za mtoto na si simu, tafuta fundi wa bodi mwenye darubini, mwambie wazi kwamba lengo ni data, asihangaike na mengine.

Kipimo chetu cha kuacha ni hiki: spea pamoja na ufundi vikipita nusu ya bei ya simu hiyohiyo iliyotumika, na simu yenyewe haipokei tena masasisho ya usalama, pesa hiyo ianzishe simu nyingine.

Maji. Pwani ya Dar, Tanga, Mombasa, simu zinazoingia maji ya bahari ni za kila wiki, na ya bahari ni mabaya kuliko ya kisima kwa sababu chumvi inapitisha umeme na kula shaba hapo hapo betri inapoendelea kusukuma volti. Zima. Usiichomeke kwenye chaja "kuona kama inawaka". Jaribio hilo ndilo linaloua simu nyingi, si maji yenyewe. Toa laini, futa, ipeleke ifunguliwe siku hiyohiyo. Mchele hauvuti maji yaliyokaa chini ya vifuniko vya chuma vya bodi, na unga wake unaingia kwenye tundu. Apple nayo imewaambia wateja wake wasiutumie. Kazi halisi ni kuchomoa betri, kuondoa chumvi kwa maji yaliyotoneshwa (distilled) ya kujazia betri za gari, si asidi yake, kisha isopropili ya asilimia 99 na mswaki laini, kukausha, na kuangalia viunganishi vyenye ukungu wa kijani. Simu iliyooshwa ikawaka leo inaweza kufa baada ya mwezi, kwa hiyo nakili data zako siku inapowaka. Na simu yoyote yenye kiwango cha kinga ya maji cha IP67 au IP68 iliyofunguliwa ichukulie kwamba haina tena kinga, isipokuwa imewekwa gundi mpya ya kiwanda kuzunguka kingo zote.

Programu tuipitie haraka. Simu inayoganda mara nyingi imejaa tu. Acha asilimia 10 hadi 15 ya nafasi wazi kabla hujalipia kuflash, yaani kuwekewa upya programu ya simu. Kuflash kunafuta kila kitu. Kwenye simu zenye chipu ya MediaTek, fundi akichagua "Format All + Download" kwenye programu ya SP Flash Tool bila kuhifadhi sehemu ya kumbukumbu iitwayo NVRAM, IMEI (namba ya utambulisho wa simu) inafutika na simu inabaki bila mtandao. Bonyeza *#06# kabla na baada ya kazi, namba zilingane. Tanzania unaweza kuituma namba hiyo kwenda 15090 kuona inasoma simu gani. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, na kubadilisha IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kwa hiyo fundi anayekuahidi "nitakupa IMEI nyingine" anakuuzia kesi.

Walio Ulaya, au wanaotumiwa simu kutoka huko, wana jambo la kuangalia kabla ya kusema waranti imeisha. Katika Umoja wa Ulaya simu mpya ina dhamana ya kisheria ya angalau miaka 2 kutoka kwa muuzaji, hata kama karatasi ya kampuni inasema 1. Simu iliyonunuliwa dukani Ujerumani ikafika Tanga ikiwa na miezi 18 bado ina haki zake, mradi aliyenunua ameitunza risiti na yuko tayari kuipeleka kwa muuzaji. Tangu 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa kwenye soko hilo zinatakiwa pia kuwa na spea zinazopatikana kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa.

Unapoiacha simu, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Fundi hahitaji laini yenye M-Pesa yako kubadilisha kioo. Akitaka kupima mtandao ataweka yake. Nenosiri nalo usilitoe ovyo: Samsung nyingi zenye programu ya One UI 5 na kuendelea zina hali ya matengenezo, kwenye utunzaji wa kifaa, inayoficha picha, ujumbe na akaunti zako huku fundi akipima kila kitu. Andikiana naye risiti yenye aina ya spea kwa jina lake, "OLED iliyotolewa" au "kopi LCD", na muda wa dhamana yake. Wiki moja kwa kioo ni dhihaka. Mwezi mmoja hadi mitatu ni wa haki, ukiacha anguko na maji. Dai kioo na betri ya zamani vionekane.

Simu isiyofaa kutengenezwa bado ina bei kwa wanaonunua za spea, kamera na bodi ndogo hasa. Ila ondoa akaunti ya Google au zima huduma ya kutafuta iPhone kabla haijafa kabisa, au kupitia kompyuta kwa akaunti yako. Ikiwa imefungwa, mnunuzi atakulipa bei ya fremu na skrubu.